Nyumba Iliyofika Lenta

Murukulazo, Ngara
9 Juni 2024

Mama Clever mpendwa,

Nimefika salama, ingawa sikio langu la kushoto bado linatoa vumbi la Nyamigogo kila nikioga. Nalala na mafundi wenzangu nyuma ya stoo ya saruji. Mmoja anaitwa Habonimana, mtu wa maneno machache na mwiko mwepesi, tumeelewana upesi. Nyumba tunayojenga ni ya Mzee Novatus, mfanyabiashara wa kahawa aliyestaafu.

Simu yangu imetumbukia kwenye pipa la maji ya zege. Usinicheke. Pancras akija huko na Fuso lake kuchukua maharage, mpe barua, ataniletea. Naweza kuazima simu ya Habonimana, lakini simu ya kuazima ina masikio ya mwenyewe, na mambo ya nyumba yetu nataka tuyaseme taratibu.

Sasa kazi uliyonituma. Uliniambia siku naondoka: "Nyumba yetu imefika lenta, binamu yako Matiasi anasubiri neno aanze kuezeka, na mimi siwezi kuchagua paa nisilolijua hata jina. Tazama nyumba za watu huko, uniambie ni za aina gani na mtu anazitambuaje." Nimeanza.

Kwanza, usidanganywe na rangi. Rangi ni nguo tu. Simama mbali kidogo ujiulize: mvua ikinyesha, maji yatashukia wapi? Hapo nyumba itakuambia yenyewe ni ya ukoo gani.

Juu ya shamba la migomba kuna msonge wa bibi mmoja. Ni duara, nyasi zimeshuka karibu na ardhi, maji yanateremka pande zote kama kwenye manyoya ya kuku. Kama ule wa Mama. Halafu ziko za mgongo mmoja: bati linaangukia mbele na nyuma, na kila ubavuni ukuta unapanda na kubaki na pembe tatu. Hizo ndizo nyingi, ziwe za tope au za tofali. Za pande nne hazina pembe tatu. Bati linashuka mbele, nyuma na ubavuni kote, na kuta zote zina kimo kimoja. Karibu na kanisa ipo moja ya zamani ya wamisheni, ya tofali nyekundu zisizopigwa lipu, milango ya tao, varanda ndefu yenye nguzo nene, na paa lililosimama sana kama mikono ya mtu anayesali. Ya mwisho ni hii ya siku hizi, ya kuficha paa. Kuta zimepanda kupita bati, kwa hiyo ukiwa barabarani unaona boksi tu. Ndiyo anayoitaka Mzee Novatus, baada ya mwanawe kumwonyesha picha.

Niambie wewe unaiota ipi. Msalimie Mama. Mwambie nampa shikamoo, nimeikabidhi kwa Pancras, asiibane kati ya magunia.

Mumeo,
Fabrice

---

Runazi, Biharamulo
23 Juni 2024

Baba Clever,

Barua imefika ikinuka dizeli. Nimemsomea Mama Nimpaye neno kwa neno, na dada yako Iteka akiwa pembeni anapepeta. Tulipofika kwenye ule msonge Mama akanikatiza: "Huyo bibi wa migombani ni mtu wa wapi? Ana watoto?" Nikamwambia barua haisemi. Akasema, "Basi mwanangu ametazama nyumba, hakumtazama mtu." Shikamoo yako ameitikia hata hivyo.

Na mimi nimeanza kutazama. Kumbe nilikuwa napita tu. Yale maduka ya hapa Runazi, umewahi kuyaona vizuri? Mbele wamepandisha ukuta ili waandike jina, lakini ukipita ubavuni ni mgongo mmoja wa kawaida na bati lenye kutu. Mbele ya kisasa, ubavuni ya babu. Nikacheka peke yangu njiani hadi muuza dagaa akaniuliza kama niko mzima.

Umeniuliza naota ipi. Naota ya mgongo mmoja yenye varanda pana. Ndimo nilimozaliwa. Baba yangu alikaa varandani akichambua maharage huku mvua inanyesha, na sisi watoto tukicheza miguuni pake tukiwa wakavu. Tena nataka gata, maji yaingie kwenye tangi nisiende kisimani kila asubuhi. Hiyo ya kuficha paa maji yake yanakwenda wapi? Yanajificha nayo?

Jambo jingine. Mchwa wamepanda kwenye nguzo ya katikati ya msonge wa Mama. Iteka ameipaka oili chafu. Nimemwomba Mama ahamie kwetu kwenye kile chumba cha kupanga hadi nyumba ikamilike, akakataa. Anasema nyumba aliijenga mwenyewe kwa mtindo wa kwao alipovuka mpaka, hawezi kuikimbia kwa sababu ya wadudu.

Mkeo,
Agness

---

Murukulazo
14 Julai 2024

Mama Clever,

Nimekusoma, na naomba unisikilize kidogo bila kukunja uso. Nakujua, umeshakunja.

Mimi ni fundi. Mtu akitaka kunipa kazi, jambo la kwanza atauliza naishi wapi. Akikuta mgongo mmoja atasema, sawa, huyu ni kama wengine. Akikuta ya kuficha paa, kona zimenyooka, ukuta umepanda vizuri, hana haja ya kuuliza tena. Nyumba ya fundi ndiyo barua yake ya kuombea kazi. Maji hayajifichi, yanakusanywa nyuma ya ukuta kwenye mfereji na kushushwa kwa bomba. Nitakuwekea tangi hilohilo.

Kesho tunaanza kupandisha ule ukuta wa juu kwa Mzee Novatus. Nimefunga mwenyewe jukwaa la kusimamia, la miti ya milunda, upande wa barabara. Ukisimama pale unaona vilima vyote mpaka vinakoanza vya Burundi. Nilitamani Mama angekuwa nami avione.

Usimwambie Matiasi neno bado. Nitakuja mwisho wa mwezi tuamue tukiwa tumesimama hapohapo kwenye msingi.

Fabrice

---

Murukulazo
4 Agosti 2024

Mama Clever,

Samahani kwa kukawia. Kazi zilibana, na Pancras alikuwa hapitii huku. Nimehama kule stoo, sasa nakaa kwenye chumba alichopanga Habonimana. Ni pazuri, pana hewa.

Kuhusu paa, fanya unavyopenda. Sina neno.

Ng'ambo ya njia kuna nyumba ya pande nne ambayo sikuwahi kukueleza. Bati lake la kijani halina hata alama ya msumari uliokosea. Varanda ina nguzo tatu. Asubuhi kivuli cha nguzo ya kwanza kinalala mlangoni. Mchana hakuna kivuli kabisa, sakafu inang'aa. Ikifika jioni kivuli cha nguzo ya mwisho kinapanda ukutani taratibu hadi kwenye fremu ya dirisha, na hapo jua linazama. Mwenye nyumba, Ildefonsa, anafagia mapema sana. Ana maua mekundu kwenye makopo ya rangi. Anapoyamwagilia, maji yanashuka kwenye ngazi na kuacha michirizi, na michirizi inakauka moja baada ya nyingine.

Ni nyumba tulivu. Nadhani mtu anaweza kuitazama siku nzima asichoke.

Fabrice

---

Runazi
15 Agosti 2024

Baba Clever,

Andika jibu siku hiyohiyo utakayoipata hii.

Msonge wa Mama umeanguka. Juzi upepo ulivuma toka asubuhi, ile nguzo ya mchwa ikakatika, paa likaketi chini kama kuku anayeatamia. Mungu ni mwema, Mama alikuwa nje anaanika mihogo. Amechubuka mkono tu alipokuwa anarudi kuokoa sufuria zake, na Iteka akamvuta. Sasa wanalala wote jikoni, yeye, Iteka na binti mdogo wa Iteka, na jiko lenyewe unalijua, ukinyoosha miguu unagusa mafiga. Kwangu amekataa tena. Ameketi mbele ya zile nyasi, hatoki. Jana aliniuliza, "Umemwandikia?" Leo ameniuliza tena.

Mvua za vuli zinakuja. Nyumba yetu iko kwenye lenta, imekaa wazi kama bakuli. Njoo tuifunike, Mama apate pa kulala. Unaniambia nifanye nipendavyo, toka lini? Wewe uliyebishana nami juu ya kitasa cha mlango wa choo?

Nilipiga simu ya Habonimana. Akapokea, nikamwuliza uko wapi, akasema, "Fabrice yuko juu ya ukuta," akakata.

Njoo.

Agness

---

Murukulazo
22 Agosti 2024

Mama Clever,

Nimesoma habari za Mama. Nashukuru yuko salama. Mpe pole nyingi sana, mwambie namkumbuka kila saa.

Sitaweza kuja sasa. Kazi imefika mahali pabaya pa kuiacha. Mwambieni Matiasi awatundikie turubai. Utaelewa baadaye.

Jana ilipita mvua isiyo ya msimu. Kwenye ile nyumba ya kijani ilianza kugonga bati upande wa barabara, halafu gata likajaa, likamwaga kwenye ndoo ya Ildefonsa. Alitoka akasimama varandani amejifunika kanga kichwani, akaitazama mvua hadi ikaisha. Sijui alikuwa anawaza nini. Na mimi niliitazama.

Fabrice

---

Runazi
29 Agosti 2024

Fabrice,

Leo sikuiti Baba Clever.

Mama yako analala jikoni na moshi. Nyumba imeanguka, wewe unaniandikia kivuli cha nguzo ya mwanamke mwingine. Unajua anaamka saa ngapi. Unajua maua yake yako kwenye makopo gani. Unajua amejifunikaje kanga. Hukuniambia anapika nini, lakini nadhani hilo nalo unalijua.

Nilikutuma ukatazame nyumba. Kama umepata ya kuishi, sema. Mimi si mtoto. Kitu kinachoniua ni huku kuzungukazunguka. Pancras naye siku hizi akinipa barua hanitazami, anawasha gari kabla sijasema asante.

Sikutaka kumsomea Mama barua yako ya mwisho, lakini aliidai. Nilisoma hadi mwisho. Aliniambia nirudie pale pa mvua, na barua iliyotangulia pale pa vivuli. Halafu akasema nikuulize neno moja tu: nyuma ya nyumba hiyo kuna nini? Sijui kwa nini anauliza. Nami nauliza.

Agness

---

Murukulazo
3 Septemba 2024

Mama Clever,

Hakuna mwanamke. Naapa kwa uhai wa mtoto wetu.

Nyuma kuna jiko, kama nyumba zote. Safi, la tofali, lina bomba la moshi. Mwambie Mama. Tafadhali usiniulize zaidi kwa sasa.

Fabrice

---

Murukulazo
9 Septemba 2024

Wifi Iteka,

Msomee Mama barua hii polepole, na mkae chini kwanza. Fabrice yu hai. Amevunjika mguu.

Utakumbuka nilivyoamka kwa hasira, hata chai sikunywa. Mama alinisindikiza hadi barabarani, wewe ukiwa kisimani. Tukiwa tunamsubiri Pancras akaniambia, "Mwanangu, kule kambi ya wakimbizi nililala chini ya turubai nikiumwa, sijui hata muda gani. Matundu ya lile turubai nayajua mpaka leo, na jua lilivyokuwa likipita kutoka moja hadi jingine. Mtu anayetembea hatazami kivuli asubuhi mpaka jioni. Nenda ukamtazame, lakini usiende kugombana." Nilimsikia, sikumwelewa. Au sikutaka.

Pancras alipofika alinisihi. "Shemeji, usipande leo. Njia mbaya."

"Njia hiyohiyo umeipita jana."

Akafungua mlango. Tulipofika Murukulazo akanionyesha chumba kwa kidole, akasema, "Walinilisha kiapo, shemeji. Usinichukie."

Mlango ulikuwa wazi. Fabrice alikuwa amelala, mguu wa kulia umefungwa plasta ngumu nyeupe mpaka juu ya goti na kuinuliwa juu ya gunia la pumba. Amekonda, ndevu zimeota hovyo. Nilikuwa nimebeba maneno toka Runazi, nimeyapanga vizuri kabisa. Yote yakanidondoka.

Alianguka siku ya kwanza ya kupandisha ule ukuta. Mlunda mmoja wa jukwaa lake ulikuwa umeoza ndani, nje mzima. Habonimana na wenzake walimbeba hospitali, akarudishwa na plasta, tangu hapo yuko hapo. Habonimana anampikia, anamwogesha, anamgeuza. Siku ile aliyoniambia Fabrice yuko juu ya ukuta, alikuwa amesimama kando ya kitanda, na Fabrice akimfanyia ishara kwa mikono.

Nilimwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Fundi aliyeanguka, jina lake linaanguka naye. Habari ikifika Runazi, nani atanipa nyumba tena?"

"Na mimi? Mimi ni mteja wako?"

Aligeuza uso ukutani akalia, wifi. Sijawahi kumwona hivyo. Nikaketi kitandani upande wa kichwa, na nilipoinua macho, hiyo hapo, dirishani: bati la kijani, nguzo tatu, maua kwenye makopo ya rangi. Dirisha linachukua nyumba ile tu, wala hakuna kingine cha kutazama. Barua zake zote ziliandikiwa pale.

Baadaye akaingia Ildefonsa na chupa ya uji. Mwambie Mama ni bibi mwenye mvi kichwa kizima, mgongo umeinama. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa aibu niliyokuwa nayo. Akaniambia, "Wewe ndiye mke? Mume wako ameitazama nyumba yangu hadi nimeanza kufagia mapema, asije akasema mimi ni mchafu."

Nikamwomba anionyeshe nyuma. Alishangaa, lakini alinipeleka. Wifi, hapo nikaelewa swali la Mama: nyuma hakuna jiko la tofali wala bomba la moshi, Fabrice alibuni tu kwa kuwa hajawahi kufika huko. Nyuma ni tofali mbichi zisizopigwa lipu, mvua imezila, na bati la kijani limeishia katikati. Upande wa pili ni bati kuukuu lililotoboka. Anapikia uani kwenye mawe. Akaniambia, "Baba wa watoto alifariki tumemaliza mbele. Watu wanaopita wananipongeza kwa nyumba nzuri. Nitawaambia nini?" Hakuwa na uchungu, alisema kama mtu anayekuonyesha shamba lake.

Nilirudi chumbani nikamweleza Fabrice. Halafu akaniambia: "Nenda, mwambie Matiasi aweke mgongo mmoja."

"Usinihurumie kwa sababu nimekuja kwa hasira."

"Sikuhurumii. Paa la kuficha lazima mtu apande kila msimu azibue majani kwenye mfereji. Nani atapanda?"

Daktari amesema mfupa unaunga, lakini mguu utabaki mfupi kidogo, na asipande tena mahali pa juu. Hilo Fabrice alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi ndiye niliyetoka nje nikaegemea ukuta.

Nitakaa hapa siku chache nimfulie na kumkata ndevu, halafu nije tuezeke.

Wifi yako,
Agness

---

Runazi
18 Septemba 2024

Wifi Agness,

Nimemsomea Mama. Alipojua ni mguu na si mwanamke, alisema Mungu ashukuriwe, halafu akalia mpaka nikaogopa. Kisha akaniambia nimpashie maji aoge, akaondoka pale mbele ya nyasi, na hajarudi kukaa hapo tena.

Kuna jambo utalikasirikia, au kaka atalikasirikia. Jumapili, baada ya matangazo, Mama alisimama kanisani bila kuniambia. Akasema kwa Kiswahili chake: "Mwanangu Fabrice ameanguka kwenye nyumba ya watu. Mguu umevunjika. Nyumba yake mwenyewe haina paa. Naomba sala." Akaketi. Nilitamani ardhi inimeze. Sasa Runazi nzima inajua.

Lakini sikiliza. Jumatatu asubuhi walikuja mafundi wawili wa jumuiya yetu ambao hata sikuwajua majina. Wakamwuliza Matiasi, "Mbao za kenchi za paa ziko wapi?" Jana akaja mzee mmoja akiwa na ngazi begani, akaiacha, akaondoka. Mwanangu mdogo wa kike alimwuliza Mama kwa nini alisema mbele za watu. Mama akamjibu, "Ningenyamaza wangekuja kumsaidia nani?"

Mawingu yameanza kusimama upande wa ziwa. Rudi na vipimo kaka anavyovitaka. Matiasi anasema yeye na kaka hawakubaliani hata juu ya urefu wa msumari.

Wifi yako,
Iteka

---

Runazi
6 Oktoba 2024

Baba Clever,

Nyumba imefunikwa.

Sitakuficha kitu, maana tumekubaliana hivyo. Matiasi alitaka kupandisha ukuta kidogo mbele, kama maduka, "ili ionekane ya mjini." Nikamwambia hapana. Alinuna nusu siku. Pembe tatu zimepanda vizuri, ya mashariki imepinda kidogo juu, utaiona, usiseme mbele yake. Varanda ni pana kama nilivyotaka. Pale kwenye ngazi nilimwambia asijenge ngazi, ajaze kifusi na kumwaga zege la mteremko. Hakuuliza ni kwa ajili ya nini.

Mvua ya kwanza ilitukuta upande mmoja ukiwa na bati na mwingine haujapata. Tulikimbilia wote upande mmoja, mafundi, Iteka, majirani waliokuja kutazama, na kuku. Tulisimama tumebanana tukitazama maji yakiingia kwenye chumba chetu cha kulala. Mzee wa ngazi akasema, "Angalau tunajua inapoishia kazi na kinapoanzia kisima." Nilicheka siku ile kuliko miezi yote hii.

Jana alifika mwalimu mmoja kutoka Nyamigogo, mwanamke, anataka kujenga. Aliuliza nani alipima msingi wetu, akazunguka akinyoosha kamba kona kwa kona. Nikamwambia ni mume wangu, lakini amevunjika mguu. Akasema, "Nilisikia. Msingi si uko chini?" Ameacha namba yake ya simu.

Tatizo lililobaki ni Mama. Amekataa kuingia. Kitanda chake kiko tayari katika chumba cha mbele, nimeweka na mkeka wake. Anasema nyumba huingiwa na mwenyewe kwanza, na wewe ndiwe mwenyewe. Mvua inanyesha, analala jikoni na moshi, na nyumba nzima tupu hatua chache kutoka hapo. Nimembembeleza, Iteka amembembeleza, hata padri alipopita amemwambia. Mwandikie wewe.

Mkeo,
Agness

---

Murukulazo
20 Oktoba 2024

Mama Clever wangu,

Plasta imetolewa. Mguu uliotoka humo si wangu, ni wa mtu mwingine mwembamba, lakini tunazoeana. Natembea kwa magongo. Ukiniona nikija utadhani ni mtu anayeitikia "ndiyo" kila anapokanyaga.

Nilipojua Mama alisimama kanisani nilikasirika kwa siku mbili, Habonimana akaniacha nikasirike. Kisha Mzee Novatus alikuja na jirani yake anayetaka kujenga, akaniomba nimwonyeshe msingi ukae vipi. Waliniwekea kiti uwanjani. Nilielekeza, Habonimana akapigilia vigingi na kuvuta kamba, nikapiga hesabu ya kona, na jioni ilipofika nyumba ilikuwa imelala pale chini yote, vyumba na milango, kwa kamba tu. Hakuna aliyeniuliza nilianguka lini. Mpigie yule mwalimu. Mwambie nitakwenda.

Nitakuja Jumamosi na Pancras. Bibi Ildefonsa ameniandalia uji wa njiani kana kwamba nakwenda Dodoma. Habonimana amemwahidi kwamba kazi ya hapa ikiisha, yeye na wenzake watampigia lipu nyuma.

Sasa msomee Mama maneno haya.

Mama, shikamoo. Nimesikia unanisubiri nje. Nakuomba, kwa heshima zote, usinisubiri. Nimejenga nyumba nyingi, hata sizikumbuki zote. Kazi ikiisha nakabidhi funguo, naosha mwiko, naondoka. Wanaingia watu wengine, wanawasha moto wao, na mimi niko barabarani natafuta kazi. Sijawahi hata siku moja kurudi kama mgeni kwenye nyumba niliyoijenga nikakuta ina watu. Hii usiniachie tupu. Ingia leo hii, mvua isikukute jikoni tena. Lala humo, pika humo, gombana na Iteka humo.

Jumamosi nikifika sitausukuma mlango, hata nikiukuta wazi. Nitasimama varandani na magongo yangu nipige hodi, na nitabaki pale nje mpaka nisikie sauti yako ikinijibu kutoka ndani.

Mwanao,
Fabrice